Wawindaji wa Lualaba, si kila ganda la risasi linajazwa tena

KOLWEZI – Kiangazi kikifika na nyasi zikianza kuungua upande wa Lubudi na Mutshatsha, mazungumzo ya wawindaji yanarudi palepale: bei ya risasi. Ndipo maganda yaliyokwisha kupigwa yanaokotwa, yanafutwa vumbi na kupelekwa kwa fundi ayajaze tena. Sheria ya silaha ya mwaka 1985 inadai kibali, na wakubwa hawachoki kuikumbusha. Lakini kibali hakimwambii mtu ni ganda gani litakalompasukia usoni.

Kosa la kwanza ni kupima ganda kwa rangi. Ganda zuri la bunduki ya risasi moja ni la shaba ya manjano, yaani shaba karibu sehemu 70 na zinki 30. Baruti ikiwaka linatanuka na kuziba chumba cha bunduki, kisha linanywea kidogo ili litoke. Chuma kilichopakwa shaba kinang'aa vilevile, ila hakina unyumbufu huo. Sumaku ya redio mbovu inatosha: ikinata, liache. (Kalibri 12 ina hesabu yake. Mwili wake ni plastiki, na kitako mara nyingi ni chuma kilichopakwa.)

Bunduki ndogo ya milimita 5.6 isiletwe kwa fundi kabisa. Fataki yake imo ndani ya ukingo wa kitako, na ukingo ukishabondwa hakuna pa kuweka nyingine. Anayejaribu anachezea vidole vyake.

Kwa maganda mengine, itazamwe shingo. Shaba kila ikipigwa inazidi kuwa ngumu, na mwisho shingo inapasuka. Kibaya zaidi ni mstari mweupe unaozunguka ganda juu kidogo ya kitako: ukuta umekwisha kuwa mwembamba, na hapo ndipo litakatika, gesi ya moto ikirudi kwenye jicho la mpigaji.

Halafu kuna kishawishi cha mji wa migodi: kuosha maganda kwa asidi kali ili yang'ae. Asidi inakula zinki na kuacha madoa mekundu, rangi ambayo mtoto wa Kolwezi anaijua vizuri. Hapo imebaki shaba yenye vitundu, isiyo na nguvu. Ndimu katika maji ya moto yangetosha. Wala maganda yasiwekwe karibu na zizi: zamani huko India, hewa ya mkojo wa farasi ilipasua risasi za jeshi la Uingereza zikiwa bado ghalani.

Fundi anayekataa ganda huchukiwa kuliko anayelijaza, na hilo ni kinyume cha haki. Ni kweli, shaba inatoka Kamoto, zinki inatoka Kipushi, malori yanazipeleka mbali, na risasi inarudi ghali. Hasira hiyo inaeleweka, ila haiongezi unene wa ganda.

Lililokataliwa liuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lakini kwanza libondwe kwa nyundo, maana likifika sokoni likiwa zima, mwingine atalinunua na kulijaza.