Usibadilishe Jina la Faili, Kompaili Upya

Leo nina lalamiko. Kuna dawa ya kienyeji inayozunguka kati yetu tunaochanganya Python na C. Moduli ikikataa kupakiwa, mtu analibadilisha jina faili: palipoandikwa cpython-311 anaandika cpython-312, inapakiwa, anashangilia. Huko ni kumziba mlinzi mdomo.

Ile namba si urembo. Msimbo wa C ukishakompailiwa haujui majina ya vitu, unajua umbali tu: kitu fulani kiko baiti ya 16 kutoka mwanzo, basi. Python 3.12 ilipotoka Oktoba 2023, umbo la ndani la namba kamili lilibadilika. Chukua namba 5 kwenye mashine ya biti 64. Katika 3.11, baiti ya 16 ilikuwa na 1, yaani kipande kimoja cha tarakimu. Katika 3.12 pale pale pana 8. Moduli ya zamani inayochungulia humo moja kwa moja itaamini kuna vipande vinane, isome kumbukumbu isiyo yake. Programu ikianguka, shukuru. Isipoanguka, na kazi yake ni kujumlisha mishahara ya watu, je?

Ndiyo maana sikuwalaumu watu wa NumPy walipotoa 2.0 Juni 2024, ingawa kelele zilikuwa nyingi. Moduli iliyokompailiwa kwa 1.x inakataliwa waziwazi, tena kwa maelezo. Ukikompaili kwa 2.0, faili hilo hilo hukubali hata matoleo kadhaa ya 1.x. Unataka nini zaidi?

Najua, seva ya mteja mara nyingi haina kompaila. Basi kompaili kwako, lakini kwenye mfumo wa zamani kuliko wake. Ukijenga kwenye Ubuntu 22.04 na kupeleka 20.04, usishangae kuambiwa GLIBC_2.34 haipo. Na tafadhali, usinakili libc.so.6 ya mashine nyingine juu ya ile iliyopo. Hata ls inaweza kugoma.

Kama huhitaji kugusa matumbo ya Python, weka Py_LIMITED_API kabla ya kuita Python.h. Ipo tangu Python 3.2 ya 2011. Utapoteza kasi kidogo, ila faili moja litahudumia matoleo mengi, nawe utalala.