Ufundi wa Kubahatisha



Liko neno lililoenea midomoni mwa watu, nalo ni kwamba gari la Kitaliana likishazeeka halifugiki, ni la kumfilisi mwenyewe. Aghlabu utalisikia kwa wale waliobaki na Fiat zao kuukuu, wakapanda nazo kutoka pwani kwenda Iringa na Mbeya kwa jamaa au kwa biashara, wakaharibikiwa, wakatoa spana wakajitengenezea wenyewe, na mwisho wakashindwa. Neno hili si la haki, na mara nyingi mwenye kulisema ndiye mwenye kosa.

Lau gari za Kitaliana zingekuwa haziwezi nchi ile ya milima, barabara hii hii ingalitoa ushahidi. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, na Zambia ikabanwa njia yake ya kusini, shehena zake zilipita Iringa na Mbeya, na lori za Fiat zilikuwa miongoni mwa zilizozibeba, hali barabara ingali ya udongo. Basi ubovu uko wapi? Uko katika mikono inayoitangulia akili.

Tazama mfano. Mtu ametoka Dar es Salaam na Fiat 124, inakwenda vyema. Afikapo Mbeya, kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, inatoa moshi mweusi na nguvu zimepungua. Bwana huyu hubadili plagi, haikufaa kitu. Hufungua kabureta uani kwa mwenyeji wake, na kijipande kimoja kikapotea mchangani. Jioni anailaani Italia nzima! Kumbe hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha asilimia 15, na kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani inazidisha petroli. Anayekaa huko dawa yake ni jeti ndogo zaidi. Mpita njia na astahamili. Na aliyetia jeti ya Mbeya kisha akashuka nayo pwani, injini yake itapungukiwa na petroli, ipate joto la kuidhuru.

Mwingine husikia kuwa Lada ya Warusi ilitokana na Fiat 124, na hilo ni kweli, basi akanunua spea za Lada kwa kuangalia sura. Hakuuliza. Fiat 124 ina breki za diski magurudumu yote manne. Warusi walipoanza kuiunda gari yao mwaka 1970 walitia ngoma magurudumu ya nyuma, na injini yake wakaibadili. Wa tatu amebadili gasketi ya silinda hedi. Hedi ile ni ya aluminiamu, juu ya bloku ya chuma. Bolti zake hukazwa kwa mpango, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana yenye kipimo. Yeye amekaza kwa nguvu za bega. Haukupita mwezi maji yameingia katika oili, na lawama ni ya mtengenezaji!

Hayo yote ni hasara ya mali. Liko lililo kubwa zaidi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri ya miaka inavyopita. Mwenye kurudi pwani kutoka Iringa aghlabu huteremka Kitonga. Mtu akikanyaga breki mteremko mzima, breki huwaka moto, yale maji yaliyomo katika mafuta huwa mvuke, na pedeli huzama mpaka chini bila ya kushika. Na yuko mwenye kujazia oili ya injini pale palipopungua mafuta ya breki, asijue kuwa huvimbisha mipira na kuiharibu. Kisha mtu huyu huwapakia mkewe, wanawe na mama yake mzee, akasema, "Nimetengeneza mwenyewe."

Huenda mtu akasema: mafundi ni ghali, wengine ni wadanganyifu, na kujitegemea ni sifa njema. Jawabu ni kuwa yote hayo ni kweli, na wala hatumkatazi mtu kushika spana. Lakini kujitegemea ni kujifunza kwanza, si kubahatisha. Wanazuoni wetu wamekwisha kubainisha kuwa mwenye kujitia utabibu hali hana elimu yake, akadhuru, hujuzu kudaiwa dhamana. Je, huyu anayecheza na breki zinazochukua roho za watu ana udhuru gani zaidi ya yule?

Basi, ewe mwenye gari kuukuu, tafuta kitabu cha gari lako kabla ya kutafuta spea. Jua sababu kabla ya kufungua bolti ya kwanza. Unachokifungua kiweke kwa mpango, na usichokijua muulize akijuaye, hata akiwa kijana mdogo kuliko wewe. Plagi na kabureta jifunzie, kwani ukikosea utalala njiani tu. Ama breki na usukani, maadamu hujafundishwa, waachie wenye kujua. Na kama huna cha kuwalipa, liache gari nyumbani upande basi. Kufika Iringa kwa basi si aibu. Aibu ni kuwatia watu wako hatarini kwa kuona haya kusema, "Sijui."