Anga la juu ya Songwa lipimwe kutoka Songwa

Jua likishazama Songwa, mkoani Shinyanga, redio ya mawimbi ya kati iliyokuwa ikikwaruza mchana kutwa huanza kusema. Vituo vya nchi za mbali, ambavyo saa nane mchana havikuwa na dalili yoyote, huingia kimoja baada ya kingine, na wakati mwingine viwili hugombania masafa yaleyale. Wazee wa Usukuma waliokuwa wakifunga waya juu ya mti ili wanase matangazo ya mbali wanalijua hili vizuri, hata kama hakuna aliyewaeleza sababu yake.

Sababu iko kwenye ionosfia, sehemu ya anga la juu yenye elektroni huru. Mchana, miale ya jua hubandua elektroni kutoka kwenye hewa nyembamba, kuanzia kilomita 60 hivi kutoka ardhini. Tabaka la chini humeza mawimbi ya kati. Usiku hilo hutoweka, lakini yaliyo juu zaidi hubaki na kuyarudisha mawimbi ardhini, mbali kabisa na mnara yalikotoka.

Mwaka 1902 Oliver Heaviside na Arthur Kennelly, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba lazima tabaka la namna hiyo lipo. Uthibitisho ulisubiri Desemba 1924. Edward Appleton na Miles Barnett waliomba mtambo wa BBC wa Bournemouth ubadilishe masafa polepole baada ya matangazo ya usiku, nao wakiwa Oxford wakahesabu mara ambazo nguvu ya mawimbi ilipanda na kufifia. Kutokana na hesabu hiyo walipata kimo cha kilomita 100 hivi. Appleton alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Lakini kwa mtu wa Shinyanga au Geita, kazi yake ya 1946 ndiyo yenye uzito zaidi. Alionyesha kwamba elektroni hazijai zaidi pale juu ya ikweta ya sumaku ya dunia, bali katika mikanda miwili, kaskazini na kusini yake. Kwa upande wetu wa Afrika ikweta hiyo inapita Ethiopia, na mkanda wa kusini unaangukia juu ya Tanzania. Anga la hapa, basi, ni miongoni mwa yale yanayoyasumbua zaidi mawimbi ya redio duniani.

Na usumbufu huo haukuisha redio za betri zilipopungua. Mawimbi ya GPS hupita humohumo. Mchana huchelewa, na kifaa cha mkononi kinachotumia masafa mamoja kinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Kwa wachimbaji wadogo wawili wenye leseni zinazopakana, mita hizo ni ugomvi wa duara, yaani shimo la uchimbaji, ni la nani. Baada ya magharibi, hasa karibu na Machi na Septemba, hutokea mapovu yenye elektroni chache yanayoyatikisa mawimbi hadi kipokezi hupoteza satelaiti. Hilo linaigusa migodi mikubwa, kwani hufanya kazi usiku na mchana.

Afrika Mashariki si ngeni katika utafiti wa anga la juu. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka jukwaa la baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano chini ya Luigi Broglio walirusha satelaiti ya San Marco 2 kupima msongamano wa hewa ya juu katika ukanda wa ikweta. Urushaji uliendelea hadi 1988. Kazi ilikuwa kubwa na ya kuheshimika, ila roketi zilikuwa za Marekani na satelaiti nyingi zilikuwa za wageni. Walikuja kwa sababu ikweta iko hapa.

Leo haihitajiki roketi. Kipokezi cha GPS cha masafa mawili, cha aina ambayo wapima wa migodi wanaifahamu, kinaweza kuonyesha wingi wa elektroni juu yake kwa kulinganisha ucheleweshaji wa masafa hayo. Mwadui, ambako almasi imechimbwa tangu 1940, na Geita yenye dhahabu yake, panafaa kuwekwa vipokezi vya kudumu. Migodi ichangie takwimu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kizichambue, na shule za sekondari za jirani zipewe nakala, ili mwanafunzi wa fizikia anayesoma habari za mawimbi aone grafu ya anga la kijijini kwake badala ya mchoro wa Ulaya. Kisha wapima wapewe tahadhari ya jioni kabla ya Machi na Septemba, jinsi mkulima wa pamba anavyopewa utabiri wa mvua.