Kitanda cha Hospitali Ni cha Nani?

Kuna neno linalosikiwa mara nyingi mlangoni pa hospitali zetu, toka Sange katika bonde la Ruzizi mpaka Nundu na Baraka. Neno lenyewe ni hili: "Hakuna kitanda." Mgonjwa ameletwa kwa pikipiki, au kwa mtumbwi, au mabegani mwa ndugu zake toka milimani, naye anaambiwa hakuna kitanda. Jamaa zake hukasirika. Husema wauguzi wanataka rushwa, au kabila lao halipendwi. Halafu wanachungulia ndani na kuona watoto wawili wamelazwa kitanda kimoja, kichwa huku na miguu kule, ndipo wanajua kwamba ni kweli.

Na jawabu la watu ni moja tu: Serikali ijenge, na wafadhili walete vitanda vingine. Mimi nasema jawabu hilo ni nusu. Vitanda ni vichache sana, sikatai. Hesabu iliyoandikwa kwa inchi yetu mwaka 2006 ilikuwa vitanda 8 kwa watu 10,000, na tangu mwaka ule watu wameongezeka sana. Lakini vitanda vile vichache tulivyo navyo, tunavitumiaje? Nani analala juu yake, na kwa sababu gani bado yuko pale? Hapo ndipo nataka tutazame.

Kwanza tujue kitanda ni kitu gani. Mkubwa akileta vitanda vipya hupigwa picha, na watu hupiga vigelegele. Lakini chuma na godoro si kitanda cha hospitali. Kitanda ni pamoja na muuguzi wa usiku, chandarua, maji ya kunawa, shuka lililofuliwa, dawa, na taa. Nimeona vitanda vizuri vimepangwa katika nyumba isiyo na muuguzi hata mmoja wa usiku. Havikumponya mtu.

Tena kitanda huhesabiwa kwa siku. Kitanda kimoja kina siku 365 kwa mwaka, haziongezeki. Kama kila mgonjwa akilala siku 5, kitanda hicho kitapokea watu 73. Kama kila mmoja akilala siku 10, kitapokea 36 tu. Chumba ni kile kile, chuma ni kile kile, lakini watu 37 wamebaki nje. Kwa hiyo mwenye kupunguza siku za kulala bila kumdhuru mgonjwa ameongeza vitanda, ingawa hakununua hata msumari.

Twaweza kuona jambo hili katika maradhi mawili yaliyotutesa hapa Uvira. Mtu wa kolera, akiwahi kufika, akapewa maji ya chumvi na sukari ya kunywa, na seramu ya mshipani kama amekauka sana, mara nyingi hurudi nyumbani baada ya siku 2 au 3. Vitanda 20 vya kolera vyaweza kupokea watu 200 kwa mwezi mmoja. Lakini mtu wa mpox hukaa mpaka magamba ya vidonda yaanguke na ngozi mpya ionekane chini yake, nayo ni majuma 2 mpaka 4. Vitanda vile vile 20, kama kila mgonjwa akikaa majuma 3, havifikishi watu 30 kwa mwezi. Basi mpox iliyoanza kuonekana Kamituga mwaka 2023 ilipofika Uvira mwaka 2024, ilikuwa mzigo mkubwa kupita hesabu ya wagonjwa wake, kwa sababu ya siku zao. Shirika la Afya la Dunia lilitangaza hatari ya mpox kwa dunia yote tarehe 14 Agosti 2024, likaiondoa tarehe 5 Septemba 2025. Watu walihesabu wagonjwa. Muuguzi alihesabu siku.

Sasa, ni nini kinachojaza vitanda vyetu? Watu wengi hawafikiri kwamba bomba la maji lina habari na kitanda cha hospitali. Lakini jambo hili lilipimwa hapa hapa kwetu. Watafiti walichukua hesabu ya watu walioingia katika nyumba ya kolera ya Uvira toka mwaka 2009 mpaka 2014, wakailinganisha na siku ambazo mtambo wa maji wa REGIDESO ulisimama, mara nyingi kwa kukosa umeme. Wakaona kwamba baada ya siku moja isiyo na maji ya bomba, katika siku 12 zilizofuata, wagonjwa walizidi mara mbili na zaidi. Wakaona tena kwamba karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile waliletwa na ukosefu huo wa maji. Maana yake ni wazi. Bomba likikauka Kimanga au Kalundu, mama hachagui, anachukua ndoo na kwenda ziwani au mtoni, na baada ya siku chache mtoto wake yuko juu ya kitanda chenye tundu na ndoo chini yake. Mwaka 2020, mwezi wa Aprili, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na maji ya bomba yaliharibika pia. Mwaka ule ule watu wa mji walipewa chanjo ya kolera ya kunywa. Chanjo ni msaada mkubwa. Lakini mtu aliyechanjwa bado anahitaji maji safi kesho asubuhi. Basi wale wanaoomba vitanda vya kolera na hawaombi umeme wa mtambo wa maji, naona wanaomba ndoo ya kukinga mvua chini ya paa linalovuja.

Habari ya kuchelewa sitaisema sana, maana mmeisikia. Mtoto mwenye malaria akipelekwa siku ya kwanza katika kituo cha afya karibu na nyumbani, hupewa vidonge vya siku 3 naye hulala kwao. Akizungushwa kwanza kwa wauza dawa wa sokoni, na kwa maombi ya usiku kucha bila kupimwa damu (maombi ni mema, yafanyike huku mtoto amekwisha kumeza dawa), atafika kwetu mweupe, amepungukiwa damu, na atakaa juma zima na kutafutiwa mtu wa kumpa damu. Kituo cha afya kiliwekwa ili hospitali kubwa isijae. Anayekiruka amekalia kitanda cha mtu mwingine.

Lakini nataka kukaa juu ya jambo la tatu, maana ndilo tunaloliona kila siku na kulinyamazia. Ni vitanda vinavyolaliwa na watu waliokwisha kupona.

Msishangae. Katika hospitali nyingi za inchi yetu, za Serikali na za makanisa pia, mgonjwa asiyeweza kulipa haachwi kwenda. Mama amepasuliwa ili mtoto atoke. Siku ya saba nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga, mtoto ananyonya vizuri. Yafaa aende kwao. Lakini karatasi ya deni haijalipwa, mumewe ni mvuvi na wavu ulipotea, au alikimbia vita. Basi mama anabaki. Mwezi unapita. Siku 30 hizo zingetosha wazazi 4 wengine waliopasuliwa kama yeye. Tena pengine kila usiku anaoongeza huandikwa katika deni lake, hivi kwamba leo anadaiwa zaidi ya jana, naye hafanyi kazi wala halimi. Mlangoni mama mwingine mwenye uchungu anaambiwa hakuna kitanda. Je, hesabu hii inamfaa nani? Haimfai mama, haiifai hospitali, wala haimfai yule wa mlangoni.

Najua jawabu la wakubwa wa hospitali, na si jawabu la uongo. Wauguzi wengi hawapati mshahara wa Serikali, au wapata kidogo sana. Wanakula kutoka fedha za wagonjwa. Seramu hununuliwa, mafuta ya jenereta hununuliwa. Husema, "Tukimwachilia huyu, kesho hakuna atakayelipa, na mwezi ujao tutafunga mlango." Mimi ni muuguzi, naelewa maneno haya. Lakini mfungwa hatoi fedha asiyo nayo. Mwisho wake wengi huachiliwa na sehemu tu ya deni, au bila kitu, na siku za kitanda zimekwisha kupotea bure. Huko Kenya, mwaka 2015, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kuwazuia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa ajili ya deni kulikuwa kuvunja haki zao. Sheria imesema. Lakini sheria peke yake hainunui seramu, na ndiyo sababu lazima watu wenyewe wafanye jambo.

Hata inchi tajiri zina shida ya namna hii. Uingereza walikuwa na vitanda vya hospitali za Serikali karibu 299,000 mwaka 1987, na kufika mwaka 2019 walibaki na 141,000 hivi. Hawakuvipunguza kwa sababu ya vita. Walijifunza kumpasua mtu asubuhi na kumrudisha kwake jioni, na wagonjwa wengi wa akili wakaanza kutunzwa nje ya hospitali. Lakini kila majira ya baridi wagonjwa wao hulala barazani mwa hospitali, na sababu moja ni wazee waliokwisha kupona ambao hawana mtu wa kuwapokea nyumbani. Kwao mzee hukosa wa kumpokea. Kwetu wa kumpokea wapo kumi, wanangoja chini ya mwembe, ila hawana franka.

Wala tusisahau kwamba katika sehemu zetu kitanda kilichopotea hakirudi upesi. Hospitali ya Lemera, kule juu ya bonde la Ruzizi, ilijengwa na misioni ya Wapentekoste wa Sweden. Mganga Denis Mukwege alianza kazi pale mwaka 1983, akaona wanawake wanafika wakiwa nusu ya kufa kwa uzazi, akaenda Ufaransa kujifunza uganga wa wanawake kwa ajili yao. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ilishambuliwa, na watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao wagonjwa vitandani mwao. Mganga yule baadaye alianzisha Panzi huko Bukavu mwaka 1999, na dunia ilimpa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Twafurahi. Lakini mzazi wa Lemera, kwa miaka mingi, alihitaji kwenda mbali zaidi. Mwaka 2025 vita vilipofika Bukavu mwezi wa Februari, na Uvira yenyewe mwezi wa Desemba, watu walikimbia kwa maelfu kuvuka kwenda Burundi, na kumpeleka mgonjwa mahututi toka Uvira mpaka Bukavu kukawa jambo la hatari. Katika inchi ya namna hii, kumlaza mtu mzima wa afya kwa sababu ya deni ni kutupa mkate wakati wa njaa.

Basi tufanye nini? Mwaka 1986, hospitali ya Bwamanda, kaskazini ya inchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire, ilianza mpango wa watu kuchanga kila mwaka fedha kidogo, kila mtu wa nyumba, na aliyelazwa akalipa sehemu ndogo tu. Wenye akili yake walichagua wakati wa kukusanya: si siku yo yote, bali majira ambayo watu wameuza mazao na fedha ingali mkononi. Watu wengi wa sehemu ile waliingia. Na walioingia walikuja hospitalini kwa wingi kuliko wasioingia.

Naona hapa ziwani twaweza kufanya hivyo kwa kanisa moja moja, bila kungoja mfadhili. Mvuvi wa ndagala hapati kitu mbalamwezi ikiwa kubwa, kwa maana taa zake hazivuti samaki. Fedha yake iko wakati wa giza. Basi mchango wa wavuvi wa Kalundu na Makobola uchukuliwe wakati wa giza, na wa wakulima wa mpunga wa bonde uchukuliwe baada ya mavuno. Daftari liwe mbili, moja kwa shemasi na moja kwa mama aliyechaguliwa na wamama wenzake, na fedha isilale nyumbani mwa mchungaji. Kila Jumatatu mmoja wao aje hospitalini amwulize muuguzi mkuu swali moja tu: "Nani amepona na bado yuko hapa?" Akitajiwa watu watatu, wazee wapatane na hospitali juu ya deni, sehemu ilipwe na mfuko, sehemu iandikwe ilipwe polepole na jamaa mbele ya mashahidi. Na hospitali, kwa upande wake, isiandike deni la kitanda tena tangu siku ile mganga aliposema mgonjwa amepona. Hili la mwisho halihitaji hata franka moja. Linahitaji sahihi ya mkubwa wa hospitali, nalo laweza kuanza juma hili.