Noti za zamani ndani ya sanduku: tuuze, tutunze, ao tutume Amerika?



Juma lililopita, baada ya mkutano wa MUSO, mama mmoja wa Kimanga alinivuta pembeni. Alikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa noti 4 za wakati wa Mobutu, moja ikiwa ile ya milioni 5 za zaire. Aliziokota katika sanduku la marehemu mama mkwe wake. Mtoto wake wa kiume, ambaye ana tabia ya kukusanya feza za chuma za zamani, alimwambia kwamba siku hizi wakusanyaji wanatafuta pia noti za karatasi, na kwamba kuna watu Amerika wanaozipima na kuzipa daraja. Kisha akatokea kijana mwingine mwenye kusema: «Nipeni dola 60, nitazituma huko, zitarudi na bei kubwa.» Mama akaniuliza kama anaweza kukopa dola hizo katika kasha la kijani.

Nilimwomba angoje. Haya ndiyo niliyomjibu, na ninaona yafaa tuyajue wote.

Kwanza, kazi ya kupima noti ipo kweli. Huko Amerika kuna nyumba inayoitwa PMG, iliyoanza mwaka 2005. Ukiwatumia noti, wanaiangalia kama ni ya kweli, wanaipa namba toka 1 mpaka 70, kisha wanaifunga ndani ya plastiki ngumu yenye namba ya kuihakikisha. Noti isiyokunjwa hata mara moja hupata 60 na kupanda. Kunjo moja katikati linaishusha chini ya 60. Tundu la pini, doa la mafuta, kalamu ya mtu aliyehesabu, pembe iliyokatika, vyote vinaishusha.

Mama, msishangae. Kazi hiyo ninyi mnaifanya kila siku! Nani kati yetu anauza ndagala na kupokea dola yenye pembe iliyopasuka? Tunaigeuza, tunaiinua kwenye mwangaza, tunasema: «Hii haipite.» Tofauti ni kwamba sisi tunaogopa kukataliwa noti sokoni, na wao wanatafuta ile iliyobaki kama siku ilipotoka kiwandani.

Ndiyo sababu karatasi ni ngumu kuliko chuma. Mimi nina feza ya bibi yangu, ya franka 2 ya mwaka 1943, yenye pembe 6 na picha ya tembo. Imeanguka majini, watoto wameichezea, tembo bado anaonekana. Noti ikianguka majini mara moja, imekwisha. Tunakumbuka mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020: ni vitu vingapi vya karatasi vilivyookoka katika nyumba zile?

Pili, kupima si kuongeza bei. Noti ya kawaida ikipimwa, inabaki noti ya kawaida ndani ya plastiki. Ada, posta na bima vinaweza kufika makumi ya dola kwa noti moja. Noti za zaire za miaka ya 1990 zilichapwa kwa wingi sana, na nyingi zilikunjwa mara mia. Wakusanyaji wanaolipa vizuri hutafuta hasa zile za mbali zaidi: za Kongo ya Wabelgiji za mwanzo, za Katanga ya Tshombe, ao zile ambazo Wajerumani walichapa upande wa pili wa ziwa wakati wa vita vya kwanza. Hata hizo, zikichakaa sana, bei inashuka.

Tatu, kasha la kijani ni la mikopo ya biashara, na kasha jekundu ni la magonjwa na vilio. Hakuna kasha la kubahatisha. Mtu anayetaka feza yako kwanza, kisha akuahidie faida kutoka mbali, muulize jina la nyumba anayoitumia, karatasi ya posta, na namba ya kuhakikisha. Akianza kukasirika, umekwisha kupata jibu.

Lakini sikumwambia azitupe. Ile noti ya milioni 5 ina habari yake. Ilitoka mwisho wa mwaka 1992. Tshisekedi, waziri mkuu, akasema si halali, na wachuuzi wakaikataa. Askari waliolipwa nayo Kinshasa wakaasi Januari 1993, watu wengi wakafa. Oktoba mwaka ule ule ikaja zaire mpya: moja ilikuwa sawa na milioni 3 za zamani. Juni 1998 ikaja franka yetu: moja kwa zaire mpya 100.000. Mama zetu walioficha akiba chini ya godoro waliamka na karatasi tupu. Na mambo hayo si ya zamani tu: Juni 2023 jirani zetu wa Burundi waliondoa noti zao za 5.000 na 10.000 kwa siku chache tu, na wachuuzi wa mpakani waliokuwa nazo walipata shida.

Basi, kama una noti za zamani, uzitunze hivi:

Usizifue wala kuzipiga pasi. Wapimaji wanaona, na daraja linashuka.

Usibandike skochi, usitoboe kwa agrafe, usiandike juu yake.

Weka kila moja ndani ya plastiki safi iliyo kavu, si ile laini yenye harufu kali, halafu katika kitabu kizito.

Kitabu kikae juu, mbali na sakafu, jiko na panya.

Kabla ya kuuza, uliza bei kwa watu wawili ao watatu wasiojuana.

Yule mama wa Kimanga hakukopa. Alirudi nyumbani na bahasha yake, na mtoto wake akaandika kwenye karatasi ya pembeni jina la bibi yake na mahali zilipookotwa. Siku ya mkutano ujao ataileta ile ya milioni 5 ili mabinti wetu waione. Wenye noti nyingine walete pia, ila mikono iwe mikavu na bila mafuta ya mawese.