Skrini Nyeusi Bado Ina Kazi

Hoja kwamba amri za kuandika zimepitwa na wakati, na fundi wa leo abofye tu, ni ya mtu ambaye mtandao wake haukatiki. Na aende Ruaha Mbuyuni, kando ya barabara kuu ya Iringa, intaneti ikisuasua na seva ikiwa Dar es Salaam.

Hapo paneli za picha humchelewesha. SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995, ukiandika amri hupitisha maandishi tu: df inaonyesha diski imejaa, grep inasaka kosa. Rsync, ya 1996, hutuma sehemu za faili zilizobadilika tu. Bando linapona!

Kweli, rm, amri ya kufuta faili, haina pipa la taka. Basi vyuo vya Iringa na Mbeya vifundishe amri hizi mapema, kwa uangalifu.