Mwembamba naye apimwe sukari

Katika kata ya Mabira, wilayani Kyerwa, mwili mwembamba si jambo la kushangaza. Anayeamka alfajiri kuchuma kahawa, kupalilia migomba au kubeba magunia hapati nafasi ya kuota kitambi. Ndiyo maana likitajwa neno sukari, wengi humfikiria tajiri mnene wa mjini anayeshinda kwenye kiti, si kibarua wa shambani.

Fikra hiyo ina ukweli ndani yake, kwa sababu unene huongeza hatari ya kisukari na kazi ya mikono huipunguza. Lakini haijakamilika, na pengo lake linaweza kumgharimu mtu maisha.

Tuchukue mfano wa vibarua wawili wanaochuma kahawa shamba moja. Wote wana urefu wa mita 1.70. Wa kwanza ana kilo 50, wa pili kilo 66. Wataalamu hugawa uzito wa mtu kwa urefu wake uliozidishwa kwa wenyewe. Wa kwanza anapata 17.3, chini ya 18.5, kwa hiyo ana uzito pungufu. Wa pili anapata 22.8, uzito wa kawaida. Mtaani watasema wote wawili hawana sababu ya kuogopa sukari. Kumbe mizani hupima kilo tu, haioni kinachoendelea kwenye kongosho, ini na misuli.

Funguo chache

Mtu akila ndizi, ugali au viazi, chakula hicho hugeuka sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama funguo za kufungulia milango ya misuli ili sukari iingie na kutumika. Kwa watu wengi wanene, funguo zipo lakini vitasa vimeshika kutu. Kwa baadhi ya watu wembamba, funguo zenyewe ni chache. Isitoshe, mwenye misuli kidogo ana ghala dogo la kuhifadhi sukari hiyo.

Haya si maneno ya kutunga. Utafiti uliofanyika Mwanza, ng'ambo ya Ziwa Victoria kutoka Kagera, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kisukari kwa watu wazima waliochunguzwa kilihusiana zaidi na kongosho kushindwa kutoa insulini ya kutosha. Nchini Uganda, watafiti waliochunguza wagonjwa wazima wa kisukari walikuta karibu mmoja kati ya watatu hakuwa na uzito uliozidi.

Hata Japani, nchi yenye chakula tele, jambo hili limeonekana. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Juntendo cha Tokyo kilitoa matokeo ya kuwalinganisha wanawake vijana wenye uzito pungufu na wenzao wenye uzito wa kawaida. Baada ya kunywa maji ya sukari kwa ajili ya kipimo, asilimia 13.3 ya wale wembamba walishindwa kuishusha sukari inavyotakiwa. Kwa wenye uzito wa kawaida ilikuwa asilimia 1.8 tu.

Njaa ya utotoni

Kwa nini mtu mwembamba awe na funguo chache? Sababu moja inayotajwa ni lishe duni tangu tumboni mwa mama na katika miaka ya mwanzo ya maisha, wakati kongosho na misuli vinajengwa. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi kisukari kinachotokana na utapiamlo na kukiita aina ya tano. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukiweka kwenye orodha yake mwaka 1985, kisha likakiondoa mwaka 1999, na mjadala kati ya wataalamu bado unaendelea.

Kwa Kagera, jambo hili si la mbali. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kagera ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyo juu ya wastani huo. Mkoa una ndizi za kutosha, lakini sahani ya mtoto ikijaa ndizi tupu, bila maharage, dagaa, mayai wala mboga, tumbo linashiba na mwili unabaki na njaa. Mtoto wa jana ndiye kibarua wa leo.

Hofu ya kukonda

Kuna jambo jingine linalowafanya watu wembamba wachelewe kupima. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Miaka hiyo watu waliuita Juliana, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, ukaitwa Slim, yaani mwembamba. Tangu hapo kukonda kukawa jambo la kunong'onwa.

Matokeo yake, kibarua anayepungua uzito huvaa mashati mawili na kunyamaza. Wengine husema amelogwa, wengine humpa dawa za mitishamba kwa miezi. Wakati huo huo anakunywa maji bila kiu kukata, anaamka usiku mara nne kwenda kukojoa, macho yanaingiwa na ukungu, na kidonda cha jembe mguuni hakiponi.

Hizo ni dalili za kisukari. Zinaweza pia kuambatana na kifua kikuu, kwani mwenye kisukari ana hatari ya kupata kifua kikuu mara mbili hadi tatu zaidi ya asiye nacho. Kwa hiyo anayekonda bila sababu apimwe vyote: sukari, kifua kikuu na VVU. Yote matatu yana dawa za kumrudisha mtu shambani, mradi asichelewe. Mgonjwa akianza kutapika, kuhema kwa nguvu au kutoa pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva, hiyo ni dharura. Akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kamba na tone la damu

Naye kibarua wa kilo 66 asijione amepona. Mtu anaweza kuwa na uzito wa kawaida, mikono na miguu ikawa myembamba, lakini mafuta yakajificha tumboni kuzunguka ini. Pombe ya kila jioni, iwe ya ndizi au ya chupa, huzidisha tatizo.

Kipimo cha nyumbani ni kamba. Mtu apimwe urefu kwa kamba kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha kamba ikunjwe katikati. Nusu hiyo izungushwe kiunoni. Ikikutana bila kubana, ni dalili njema. Isipofika, mafuta ya tumboni yamezidi, hata kama mizani inasema sawa.

Lakini kamba haipimi sukari. Hilo ni kazi ya tone la damu la kidole katika zahanati au kituo cha afya. Asubuhi kabla ya kula, 7.0 au zaidi inaashiria kisukari na kipimo hurudiwa kuthibitisha. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Kwa mwenye dalili, 11.1 au zaidi saa yoyote inatosha kumwanzishia matibabu. Presha nayo ipimwe siku hiyo hiyo. Ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, inahitaji kufuatiliwa.

Asiambiwe apunguze kula

Hapa ndipo tofauti ya uzito inapokuwa na uzito. Mgonjwa mnene hushauriwa kupunguza kilo. Ushauri huo huo akipewa mwenye kilo 50, anadhoofika zaidi. Huyu anahitaji kula vizuri: nusu ya sahani iwe mboga, robo ndizi au ugali, robo maharage, dagaa au mayai. Ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja, chakula kinachojulikana kila nyumba ya Karagwe na Kyerwa, ni mwanzo mzuri, ila maharage yaongezwe na ndizi zipunguzwe.

Dawa pia zinaweza kutofautiana. Baadhi ya wagonjwa wembamba huhitaji insulini mapema, na daktari ndiye mwenye kuamua. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya sukari asiende shambani na chai ya rangi tupu. Sukari inaweza kushuka ghafla akiwa na debe mkononi: jasho la baridi, kutetemeka, njaa kali, maneno kuchanganyika. Wenzake wasidhani amelewa. Kama ana fahamu, wampe haraka soda au chai yenye sukari, kisha chakula. Akiwa hajitambui, asinyweshwe kitu, apelekwe kituoni.

Kazi ya kwanza ya familia si kumpa mgonjwa dawa, ni kumtoa kwenye ukimya. Mke anayemwambia mumewe "umekonda, kapime" anaweza kuzua ugomvi. Akisema "baba watoto, Jumatatu twende wote tukapime presha na sukari," huenda wakafika. Na foleni ikiwa ndefu, yule mwembamba asiinuke kumpisha mnene kwa kudhani ugonjwa huo haumhusu.